Programu Iliyohama Nami

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kituo alinikabidhi ufunguo wa chumba, kitambaa cha kufutia vumbi, na kompyuta moja iliyowahi kuwa nyeupe. Akasema, "Bwana Luhende, hapa hatukuwa na mtu wa kompyuta. Kuanzia leo tunaye." Akachukua kofia yake akaenda shambani. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu yote ya kazini, na sitanii.

Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti, suruali mbili za ofisini na majivuno ya kuwatosha watu kumi. Cheo changu kiliandikwa Fundi Sanifu wa Takwimu. Baba yangu, mfugaji ambaye hakuwahi kuamini kazi ya kukaa kwenye kiti, aliniuliza kama hiyo takwimu inakamuliwa au inavunwa. Nilimweleza kwa dakika kumi nzima. Mwishoni akasema, "Basi sawa, ilimradi hawakufukuzi," akageukia ng'ombe wake.

Kituo chenyewe kilikuwa cha utafiti wa pamba, vyumba vinne na stoo, pembeni kidogo ya mji wa Bariadi. Mji ulikuwa unakua. Maofisa walikuwa wakihamia na mafaili yao kwenye maboksi, na nyumba ya kupanga ilikuwa ngumu kupata kuliko mke. Sisi tulikuwa watu saba. Mkuu wa Kituo alikuwa mtaalamu wa wadudu, mtu mfupi, mcheshi, mwenye tabia ya kuzungumza na viwavi kabla ya kuwatia kwenye kichupa. Nilimpenda tangu siku hiyo ya kwanza, na mpaka leo nikiona kofia ya aina ile nageuka.

Swali letu kubwa lilikuwa rahisi kulisema. Mkulima wa pamba hawezi kuacha kupiga dawa, viwavi watammaliza. Lakini dawa haichagui. Inaua na nyuki waliokuja kwenye maua, na wakulima wengi wa huku wana mizinga. Je, ni saa gani ya mchana ambapo nyuki ni wachache kwenye pamba, ili mkulima apige dawa saa hiyo? Wahesabuji wetu walikuwa wakitembea kwenye mistari ya pamba tangu asubuhi mpaka jioni, wanahesabu nyuki, wanaandika kwenye fomu. Upande wa pili kulikuwa na kipimahewa, kifaa kilichofungwa juu ya mlingoti na kuunganishwa kwa waya na kompyuta yangu, ambacho kila baada ya saa moja kiliandika chenyewe joto na upepo. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza programu, yaani mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta inayafuata, ili kila hesabu ya nyuki ikae mstari mmoja na hali ya hewa ya saa ileile, halafu litoke jedwali.

Wiki ya pili nikagundua kwamba hesabu hazikutani. Wahesabuji walikuwa wakiandika saa kama sisi sote tunavyozitaja. Mshale wa saa uko kwenye kumi asubuhi, mtu anasema saa nne, anaandika 4. Kompyuta nayo, saa hiyohiyo, inaandika 10. Nilifikiri la kufanya. Kuwaambia wahesabuji waandike saa za kizungu kungeleta makosa kila siku. Kubadilisha programu kungenichukua siku tatu, na nilikuwa mvivu. Basi nikafungua mahali pa kurekebisha saa ya kompyuta nikairudisha nyuma saa sita. Kompyuta ndiyo ilikuwa mgeni pale, ikajifunze kutaja saa kama wenyeji. Ilinichukua chini ya dakika moja, kila kitu kikakaa sawa, nikaenda kula. Sikuandika popote, na baada ya mwezi nilikuwa nimeshasahau kwamba nilifanya kitu.

Jedwali lilitoka zuri. Nyuki wengi kuanzia saa tatu hadi saa saba, wachache kuanzia saa kumi jioni. Mkuu wa Kituo alilibandika ukutani. Wakulima wa kijiji cha Sapiwi walipoambiwa wapige dawa jioni, walisema wanajua, na sisi tulifurahi kwamba sayansi imekubaliana na wenye mashamba.

Baadaye nilipelekwa Ipililo kwa msimu mmoja, kufungua kituo kidogo cha pili. Kompyuta ya kule ilikuwa ya kampuni nyingine, na ndani ilikuwa na mfumo tofauti kabisa. Nikaisakinisha programu yangu, yaani nikaiweka ndani ya mashine na kuifundisha mahali pa kukuta vitu vyake, ikafanya kazi. Nikaondoka nimevimba kichwa. Binti mmoja aitwaye Minza, aliyeajiriwa kule kuingiza fomu, alinitazama kama mganga. Kompyuta ya Ipililo ilipoungua kwa umeme, tuliazima ya shule, nikapanda basi, nikaisakinisha tena, ikafanya kazi tena. Nikaanza kutamba kwamba nimeandika programu inayohamishika, isiyojali mashine. Nililisema neno hilo mara nyingi mno, hata Minza akaanza kuniita Baba Inahama.

Ndipo ukaja mradi mkubwa wa ushirikiano. Vituo vitatu vya Kanda ya Ziwa, pamoja na wenzetu wa chuo kimoja cha ng'ambo, tulitakiwa kuunganisha data zetu. Aliyetuongoza alikuwa Mratibu wa Mradi, mama mmoja mrefu, msafi wa viatu hata baada ya safari ya kutoka Mwanza, na mkali wa maneno bila kupandisha sauti. Kikao chake cha kwanza Bariadi sitakisahau.

"Kila kituo kitakuwa na mashine ya aina moja," alisema. "Diski moja, programu moja, toleo moja. Mtu akibadilisha hata kitu kidogo, nataka barua. Matokeo yakitofautiana, nijue ni nyuki ndio wametofautiana, si mashine."

Mkuu wetu wa Kituo alikohoa. "Mama Mratibu, umeme wa Ipililo si kama wa kwenu. Mashine ikiungua, nisubiri miezi mitatu ije nyingine ya aina ileile? Pamba haisubiri. Na hawa wenzetu wa ng'ambo watazitupa mashine zao ili wafanane na sisi? Tafuta programu inayoingia kwenye mashine yoyote. Hapa tunayo." Akaninyooshea kidole.

Walibishana mpaka chai ikapoa, kwa heshima lakini bila kuachiana. Nawaambia nyie mnaokuja nyuma, ubishi ule haujaisha duniani na hautaisha. Kuna anayetaka mashine zote zifanane, na kuna anayetaka kazi iweze kuingia kwenye mashine yoyote, na kila mmoja ana sababu zake. Siku ile walimaliza kwa kupeana kila mmoja nusu. Mashine zote zingesakinishwa kwa diski ya Mratibu, na ndani ya diski hiyo ingewekwa programu ya Luhende, kwa kuwa imeshathibitika kwamba inahama. Nilitoka kikaoni nikitembea kama bwana harusi.

Fundi kutoka makao makuu alikuja, akafuta kila kitu kwenye kompyuta yangu, akaweka diski ya mradi. Alifanya hivyo vituo vyote vitatu. Mashine sasa zilichukua saa zao kutoka kwenye intaneti, sahihi kabisa. Nilimpongeza kwa usafi wa kazi yake. Ndiyo, mimi mwenyewe nilimpongeza.

Msimu ukapita, majedwali yakatoka, na yalikuwa kinyume na ya kwangu ya zamani. Kwenye mstari wa 10:00 nyuki walikuwa karibu hawapo. Nilishtuka. Lakini Mratibu alinipigia simu akiwa na furaha ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Vituo vitatu, jibu moja, Luhende! Unaona faida ya kufanana? Jedwali lenu la zamani lilitoka kwenye mashine moja tu, iliyochakaa. Sasa tuna mashine tatu zinasema kitu kimoja."

Nikakubali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote. Nilikuwa nimewaona nyuki kwa macho yangu asubuhi, nilikuwa nimeng'atwa nao, lakini mashine tatu ziliposema pamoja niliamini mashine. Makao makuu wakaandaa karatasi za ushauri kwa Kiswahili, na mtu wa huko, bila kosa lolote, akaigeuza 10:00 kuwa saa nne asubuhi. Wakulima wapige dawa saa nne asubuhi.

Nilizipeleka Sapiwi mwenyewe. Kule kulikuwa na mama mmoja mjane, Mama Kulwa, mwenye shamba zuri la pamba na mizinga sita ambayo aliirithi kwa mumewe. Wahesabuji wetu walifanya kazi shambani kwake tangu mwanzo, na mimi nilikuwa nimekula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nyumbani kwake mara nyingi mpaka nikawa kama mtu wa pale.

Alisoma karatasi, akanitazama. "Saa nne? Saa nne nyuki si wako hukohuko kwenye maua?"

"Mayu, hata mimi nilidhani hivyo," nikamwambia, kwani nilishazoea kumwita mama kwa Kisukuma. "Lakini vituo vitatu vimepima. Kompyuta zote zimesema."

"Kompyuta zimehesabu nyuki wangu?"

"Zimehesabu, mayu."

Akaikunja karatasi akaiweka kwenye kitenge. "Haya. Wewe si mtoto wa kunidanganya."

Baada ya siku tisa alinipigia simu. Hakunilaumu, hakupandisha sauti. Aliniita mwanangu kwa Kisukuma, "Ng'wanone, njoo uone," akakata.

Nilichukua bodaboda. Nilimkuta amekaa chini kando ya shamba. Kwenye mifereji kati ya mistari ya pamba nyuki walikuwa wamelala wafu, wengine bado wanazungukazunguka chali. Mizinga minne kati ya sita ilikuwa kimya. Nikachuchumaa kando yake.

"Ulipiga saa ngapi, mayu?" nikauliza.

"Kama ulivyoniletea. Saa nne." Akanyoosha mkono kunionyesha saa yake ya mkononi, ya mumewe, iliyomlegea. "Niliangalia hapa. Mshale ulipofika hapa, nikaanza."

Kidole chake kilikuwa kwenye kumi.

Nilikiangalia kidole kile na kile kioo kidogo. Nilikumbuka chumba changu, wiki ya pili ya kazi, dakika moja kabla ya kwenda kula. Wahesabuji walikuwa bado wanaandika 10 kwa saa kumi jioni. Mashine, ambayo hakuna aliyezirudisha saa zake nyuma, ilikuwa inaiweka 10 hiyo kwenye asubuhi. Nyuki wachache wa jioni walihamishiwa saa nne, na wote wa saa nne walihamishiwa alfajiri, wakati hakuna nyuki aliye nje, kwenye mistari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma kwa kuwa hakuna apigaye dawa gizani. Programu yangu haikuwa imehama popote. Ipililo nilikwenda mimi, na mikono yangu ilirudisha saa nyuma kwa mazoea bila kichwa kujua. Ile kompyuta ya shule niliisakinisha mimi. Kila mahali ilipofanya kazi, nilikuwa nimesimama pale. Na diski ya Mratibu ilichukua kosa langu ikalinakili sawasawa mara tatu, ndiyo maana mashine zote zikakubaliana.

Nilimwambia Mama Kulwa ukweli wote palepale. Alinisikiliza akichezea saa.

"Angeileta mtu mwingine hiyo karatasi, nisingepiga," alisema. "Nilipiga kwa sababu ulisema wewe."

Nimepewa barua za onyo maishani, na nimegombezwa na maprofesa. Hakuna lililonishinda kubeba kama hilo.

Nilimpigia Mratibu nikiwa bado Sapiwi. Nilimweleza bila kujitetea.

"Karatasi zimefika wapi?" akauliza.

"Za Sapiwi nitazikusanya leo. Za Ipililo Minza bado anazo ofisini. Za kituo cha tatu sijui."

"Za kituo cha tatu niachie mimi. Na Luhende, kesho nakuja. Usibadilishe chochote kwenye mashine mpaka nifike. Nataka kuona kwa macho."

Alikuja, na viatu vyake siku hiyo vilikuwa na vumbi. Alikaa kwenye kiti changu, nikamwonyesha fomu na jedwali, mstari kwa mstari. Nilitegemea anifukuze. Badala yake aliuliza, "Kwa nini hukuandika?" Nikasema lilikuwa jambo dogo. Akasema, "Na mimi kwa nini sikuuliza? Niliona mashine tatu zinafanana nikalala usingizi." Tangu siku hiyo nilimpenda yeye pia, ingawa yeye si mtu wa kuambiwa hivyo.

Mkuu wa Kituo, aliyekuwa amesimama mlangoni, ndiye aliyemaliza maneno. "Mimi nilikuwa naisifia programu inayohama. Kumbe aliyekuwa anahama ni Luhende."

Tuliwatembelea wakulima wote waliopata karatasi. Waliokuwa wameshapiga dawa asubuhi walikuwa wachache, lakini wachache kwa mwenye mzinga ni neno la ofisini. Mama Kulwa alichukua misimu miwili kujaza mizinga yake tena. Kila nilipokwenda kwake alinikaribisha, michembe ilikuwepo, lakini mwaka mzima hakuniuliza kitu chochote kuhusu pamba. Msimu wa pili akaniuliza kuhusu mbegu, na nilirudi Bariadi nikiimba kwenye bodaboda mpaka dereva akauliza kama nimekunywa.

Mradi ulibadilika baada ya hapo. Mratibu aliacha diski yake iendelee, na Mkuu wa Kituo aliacha mashine za kuazima ziendelee, lakini kila programu ilitakiwa kuwa na kurasa zake. Kurasa hizo zilieleza kila kitu ambacho programu inakitegemea bila kukisema: saa za nani, mafaili yakae wapi, tarehe inaanza na siku au mwezi. Programu yenyewe ilifundishwa kukagua mambo hayo na kukataa kuendelea ikiona hayapo. Na hakuna ushauri uliopelekwa kwa wakulima kabla ya kusomwa mbele ya Mama Kulwa na wenzake. Maprofesa wa ng'ambo waliuliza mama huyo ana shahada gani. Mratibu akawajibu kwamba ana mizinga sita.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiuliza lipi ni bora, mashine zifanane au programu ihamishike. Nawajibu kwamba niliona yote mawili yakidanganya, kwa sababu ya vitu ambavyo mtu anavijua bila kujua kwamba anavijua. Mashine zikifanana, kosa lako litafanana nazo. Programu ikihamishika, jiulize kama si wewe unayeibeba. Andikeni hata lile mnaloona aibu kuliandika kwa udogo wake. Wananiona mzee mwenye maneno mengi, na hawakosei.

Mwezi wangu wa mwisho Mratibu alitoa sharti moja la kuniaga. Minza, ambaye alikuwa amehamia Bariadi kushika nafasi yangu, asakinishe programu yangu kwenye mashine ambayo sijawahi kuigusa, kwa kufuata kurasa tu. Mimi nikae kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani, nisiseme neno.

Ukurasa wa pili akakwama. Nilikuwa nimesahau kuandika jina la folda moja. Nikafungua mdomo, Minza akainua kidole bila kugeuka. "Baba, kaa kimya." Nikaandika mstari ule uliokosekana, nikampa karatasi, akaanza upya tangu mwanzo. Akakwama tena ukurasa wa tano. Nikaandika tena. Wenzetu walikuwa wamejazana mlangoni, na Mkuu wa Kituo, ambaye alikuwa ameshastaafu kabla yangu, aliletewa kiti.

Mara ya tatu Minza alipita ukurasa wa pili, akapita wa tano, akafika wa mwisho, akabonyeza. Jedwali likatoka. Akaliweka kando ya lile la kituo, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini, namba zote zilezile. Watu wakapiga makofi na mtu akapiga kigelegele. Nami nilipiga makofi. Kisha nikatoka nje nikasema nakwenda kuangalia mvua, na mvua yenyewe haikuwepo.

Minza akanifuata. "Baba, umeona? Imekubali hadi mwisho." Akanitazama vizuri. "Mbona unalia?"

"Mara hii haikuniuliza kitu," nikamwambia. "Hata kimoja."